Mwili wa Kalamu: Uteuzi wa Akriliki na Mbao kwa Kalamu za Kukereza katika Pwani ya Kusini

Utangulizi

Neno kalamu lilizaliwa likiwa jina la mmea. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kilikuwa kimelipata kwa Wayunani, ambao kwao kalamos ni tete. Aliyetamka neno hilo zamani, kwa hiyo, alikuwa tayari ametaja malighafi, na hakuhitaji kuulizwa kalamu yake imetengenezwa kwa kitu gani. Waingereza nao walilijenga neno lao juu ya neno la Kilatini lenye maana ya unyoya, na Wajerumani hadi leo huita unyoya na ncha ya kalamu kwa jina lile lile. Majina haya yamedumu ilhali vitu vyenyewe vimebadilika. Mfano ulio karibu zaidi ni kalamu ya risasi, ambayo ndani yake hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni grafiti, aina ya kaboni, iliyofungwa katikati ya mti. Mti wenyewe, katika enzi ya ukoloni, mara nyingi ulikuwa mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, uliosafirishwa Ulaya ukachongwe kalamu.

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi fundi anayekereza kalamu kwa mkono anavyoteua malighafi ya mwili wa kalamu yake, hasa akriliki, na kwa nini uteuzi huo una uzito wa pekee katika mji kama Vanga, kwenye ncha ya kusini ya Kaunti ya Kwale, hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania. Palipo na haja, msamiati wa ufundi wenyewe utaangaliwa, kwa kuwa sehemu kubwa yake imo katika Kiswahili tangu kale, ingawa wanafunzi wengi wa lugha hawajawahi kukutana nao nje ya kamusi.

Kukereza na vyombo vyake

Kukereza ni kukata kitu kigumu huku kikizunguka, mpaka kipate umbo la mviringo. Chombo kinachokizungusha ni keezo, ambalo kamusi nyingine huliandika kerezo. Mwenye kazi ni mkereza. Miguu ya vitanda na ya viti vya pwani, yenye vifundo na viuno, ni kazi ya keezo. Keezo la kale liliendeshwa kwa uta: kamba ya uta ilizungushwa kwenye mti, mkono mmoja ukasukuma na kuvuta, na mkono wa pili ukashika patasi, mara nyingi kwa msaada wa mguu. Mti ulizunguka mbele na nyuma, na patasi ilikata pale tu mti ulipokuwa ukimjia fundi.

Keekee, chombo cha kutobolea, lilifuata utaratibu huo huo. Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Unguja cha mwaka 1870, alirekodi majina ya viungo vyake: chuma chenyewe ni keke, mti unaoshika chuma ni msukano, kishikio ambamo msukano huzungukia ni jivu, na kinachoendesha vyote ni uta. Maneno manne kwa chombo kimoja kidogo. Leo fundi hutumia mashine ya umeme ambayo viungo vyake huitwa kwa Kiingereza, na hali majina yaliyokuwapo yangetosha kwa sehemu kubwa.

Kalamu ya kukereza hutengenezwa hivi. Fundi huanza na kipande chenye pande nne, upana wa milimita 19 hivi kila upande na urefu wa milimita 125. Kipande hicho kinafaa kuitwa mche, kama isemwavyo mche wa sabuni. Mche hukatwa vipande viwili, hutobolewa tundu la milimita 7 katikati, kisha bomba jembamba la shaba ya manjano hugandishwa ndani kwa gundi. Baada ya hapo mche hutiwa kwenye mhimili wa keezo na kukerezwa hadi ukae sawa na pete za kipimo zilizo kwenye ncha zake. Hatimaye husuguliwa, hung'arishwa, na kuvikwa mtambo wa kalamu: ncha, kishikizo, na mrija wa wino. Mtambo huo kwa kawaida hununuliwa ukiwa tayari. Kinachobaki kuwa cha fundi, na kinachoamua kama kalamu itapendwa au itatupwa, ni mwili.

Kutoka ebonaiti hadi akriliki

Kalamu za wino za kwanza zilizouzwa kwa wingi, zikiwamo zile za L. E. Waterman aliyepata hataza yake mwaka 1884, zilikuwa za mpira uliochanganywa na salfa nyingi na kupikwa mpaka ukawa mgumu na mweusi. Malighafi hiyo iliitwa ebonaiti, yaani kitu kinachofanana na mti mweusi wa thamani. Hapa pana kejeli ya historia: mpira ulipewa heshima kwa kufananishwa na mbao nyeusi ambazo Afrika Mashariki ilikuwa nazo tele, na leo mbao hizo ndizo zinazotafutiwa kibadala.

Katika miaka ya 1920 ebonaiti ilianza kuachia nafasi selulosi iliyotiwa kafuri, iliyopendwa kwa rangi zake. Ilikuwa na kasoro mbili: hushika moto upesi, na baadhi ya wino huila. Akriliki ilikuja katika miaka ya 1930. Otto Röhm aliiuza Ujerumani kwa jina la Plexiglas, na Uingereza ikaijua kwa jina la Perspex. Mwaka 1941 kampuni ya Parker ilitoa kalamu yake maarufu ya namba 51 ikiwa na mwili wa akriliki, kwa sababu wino wake mpya uliokauka haraka ulikuwa ukiiharibu selulosi. Uteuzi huo, basi, haukuwa wa urembo. Wino ndio uliolazimisha mwili ubadilike.

Vanga na bei ya mti

Vanga ni mji wa wavuvi uliozungukwa na mikoko. Wenyeji wake wa asili ni Wavumba, ambao lahaja yao ilichunguzwa na H. E. Lambert katika kitabu kidogo cha mwaka 1957. Mikoko hiyo si aina moja. Kuna mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana, na mkomafi. Kila mmoja ulikuwa na kazi yake: boriti za nyumba, mbavu za majahazi, kuni, rangi ya kutia ngozi. Kwa mkereza, mkomafi ndio wenye mvuto kuliko yote, kwa maana mbao zake ni nyekundu, nzito, na hushika mng'ao vizuri.

Lakini hesabu ya mikoko imebadilika. Mwaka 2013 jirani zao wa Gazi walianzisha Mikoko Pamoja, mradi wa hekta 117 unaouza uwezo wa mikoko wa kuhifadhi kaboni, na fedha zikarudi kijijini. Vanga, Jimbo na Kiwegu zikafuata mwaka 2019 kwa mradi wa Vanga Blue Forest wenye hekta 460 hivi. Tangu hapo mkomafi uliosimama una bei, nao uliokatwa una bei nyingine, na fundi hawezi kujifanya haoni tofauti. Tawi lililoanguka lenyewe, au ubavu wa jahazi lililokufa, ni mali halali na nzuri. Mti mzima kwa ajili ya kalamu kumi ni ubadhirifu.

Mpingo nao umebanwa. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliacha nje bidhaa zilizokamilika ambazo mbao zake hazizidi kilo 10 kwa shehena, kwa hiyo kalamu moja katika mfuko wa mtalii wa Diani haina tatizo. Magogo yanayovuka mpaka ndiyo yenye tatizo, na Vanga iko mpakani.

Kuijua akriliki

Kosa la kwanza la fundi mgeni ni kudhani kwamba kila kitu kinachong'aa na chenye rangi ni akriliki. Madukani jina hilo hubandikwa juu ya vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni akriliki halisi, polima ya methili methakrileti. Cha pili ni utomvu wa poliesta uliogandishwa. Cha tatu ni utomvu wa yurethani. Vyote huuzwa vikiwa miche ya ukubwa mmoja, na mnunuzi asiye mwangalifu hutambua tofauti pale tu patasi inapogusa.

Akriliki halisi hukatika kwa utulivu. Patasi ikiwa kali, hutoa maranda marefu yanayoviringika kama utepe. Poliesta ina mng'ao wa kina zaidi, pengine kuliko vyote, lakini ni kavu: huruka vipande vidogo vidogo, na fundi akikaza mkono mwishoni mwa kazi hung'oka kipande kwenye ukingo ambapo hakuna dawa. Yurethani ni ngumu kuvunjika, nayo ndiyo inayofaa pale utomvu unapomiminwa juu ya mbao zenye mashimo.

Pua nayo ni kipimo. Akriliki ikikatwa hutoa harufu tamu, kama ya matunda. Poliesta hutoa harufu kali ya kukwaruza koo. Inapendeza kukumbuka kwamba neno akriliki lenyewe limetokana na jina la kemikali lililoundwa kwa maneno ya Kilatini yanayohusu ukali na harufu. Hata hivyo kipimo hiki kifanywe kwa harufu ya maranda tu. Kuchoma plastiki isiyojulikana ili kuinusa ni hatari, maana ikiwa ni PVC moshi wake hubeba asidi ya haidrokloriki. Vumbi, liwe la akriliki au la mpingo, halifai mapafuni, na la mpingo huwasha ngozi za watu wengi. Barakoa ivaliwe kwa yote mawili.

Ndani ya akriliki halisi kuna mgawanyo mwingine ambao wauzaji hawautaji. Ipo iliyomiminwa kalibuni ikaganda polepole, na ipo iliyokamuliwa mashinini ikiwa laini kwa joto. Ya kwanza ina minyororo mirefu ya molekuli na huvumilia joto la keekee. Ya pili huyeyuka mapema, hunata kwenye chuma, na tundu hutoka likiwa limekunjamana. Jambo hili ni muhimu kwa fundi wa pwani ya kusini kwa sababu chanzo chake rahisi cha akriliki ni mabaki ya mafundi wa vibao vya matangazo wa Ukunda na Mombasa, na mabaki hayo huwa mchanganyiko wa aina zote mbili. Njia ya kujua ni kutoboa tundu moja kwenye kona. Maranda yakitoka makavu, kipande kinafaa. Yakitoka kama uji, kiachwe. Mabamba ya milimita 3 yanaweza kugandishwa sita au saba ili kupata unene wa mche, na rangi zikipangwa kwa akili, mistari yake hupendeza kuliko miche mingi ya dukani.

Je, plastiki inayookotwa ufukweni? Swali hili haliepukiki Vanga. Jibu la haraka hupatikana katika ndoo ya maji. Akriliki ina uzito wa gramu 1.18 kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo huzama. Plastiki ya madumu na ya vifuniko vya chupa ina uzito chini ya gramu moja, hivyo huelea. Kinachoelea si akriliki. Kinaweza kuyeyushwa, kukandamizwa kikawa mche, na kukerezwa, lakini ni laini kama nta, hakishiki gundi vizuri, na mng'ao wake ni hafifu. Hilo halikifanyi kuwa bure. Chombo cha Flipflopi kilichoshushwa majini Lamu Septemba 2018, na kusafiri hadi Unguja mwanzoni mwa 2019, kiliundwa na mafundi wa majahazi kwa plastiki iliyokusanywa. Kwa kalamu ya kuuzwa kwa bei nzuri, hata hivyo, plastiki ya madumu itamwaibisha fundi baada ya miezi michache.

Mikono, jua na chumvi

Uzito haupaswi kumsumbua mteuzi. Mche mzima wa akriliki wa vipimo vilivyotajwa una gramu 53 hivi, na wa mpingo una gramu 56 au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya hizo huishia sakafuni. Tofauti kubwa iko katika tabia. Mbao hupumua: wakati wa masika hunywa unyevu na kuvimba, wakati wa kaskazi hukauka, na bomba la shaba lililo ndani halifuati mwendo huo. Mche uliokerezwa kabla haujakauka sawasawa utapasuka, na ufa utafuata nyuzi za mti. Akriliki hunywa maji kidogo mno, jua haliigeuzi rangi upesi, na huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za selisiasi, joto ambalo gari lililofungwa Diani haliwezi kulifikia.

Adui wake ni spiriti. Manukato na dawa za kutakasa mikono, ambazo tangu mwaka 2020 zimekuwa juu ya kila meza ya ofisi, huweza kuleta nyufa nyembamba kama nywele juu ya akriliki iliyokazwa au iliyopashwa joto wakati wa kukerezwa. Kwa karani anayetakasa mikono mara kumi kwa siku, mbao zilizopakwa nta huenda zikawa chaguo la busara zaidi. Kwa mvuvi anayeandika uzito wa samaki kwa mkono uliolowa maji ya chumvi, akriliki haina mpinzani.

Akriliki inayopenyeza mwanga ina mtego wake. Bomba la shaba huonekana ndani, pamoja na kila alama ya gundi. Tiba ni kupaka rangi ndani ya tundu na juu ya bomba kabla ya kugandisha. Bomba likwaruzwe kwanza kwa msasa, la sivyo gundi itateleza juu ya shaba.

Neno msasa lenyewe linastahili kusimamishiwa kidogo. Msasa ni mti ambao majani yake makavu hukwaruza, na mafundi waliyatumia kusugulia mbao. Karatasi ya mchanga ilipofika ilirithi jina la jani, kama bomba la wino lilivyorithi jina la tete. Kwa akriliki, msasa hutumiwa ukiwa umeloweshwa, kwa kuwa maji huzuia joto na kuondoa vumbi. Fundi huanza na mkwaruzo wa wastani, akapanda hatua kwa hatua hadi namba 12000. Kati ya hatua na hatua keezo husimamishwa, na mwili husuguliwa kwa urefu. Asiyefanya hivyo atabaki na pete nyembamba zinazozunguka kalamu, ambazo hazionekani kwa taa ya karakana, ila huonekana zote mara moja kalamu inapotolewa juani.

Mbao zisizohitaji radhi

Mwenye kupendelea mbao hana sababu ya kuung'ang'ania mpingo. Mwarobaini, uliojaa kila kijiji cha Kwale, umekuwa ukihimizwa kwa wachongaji wa vinyago kama kibadala, na hukerezeka vizuri ukikaushwa. Mnazi uliozeeka na kuacha kuzaa una sehemu ngumu ya nje yenye madoadoa meusi. Katikati yake ni laini na haifai peke yake, lakini ikijazwa utomvu wa yurethani hupata ugumu, na kalamu inayotokana huwa nusu ya shamba na nusu ya kiwanda. Vipande viwili hivyo vikikutana chini ya patasi huonyesha tabia zao: mnazi hutoa unga, utomvu hutoa utepe.

Kazi ambayo akriliki haikuiondoa

Katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 mama mgonjwa anamtaka bintiye asogee na wino na karatasi. Kalamu aliyoijua mama huyo ilikuwa tete lililochongwa ncha, na tete hilo halijaondoka pwani. Waandikao kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe kisha zikaoshwa na maji yake kunywewa, hawawezi kutumia mrija wa wino wa mafuta. Zafarani hutaka ncha inayonywa na kutema, na juu ya kauri laini tete hufanya hivyo bila kukwaruza.

Ila tete ni jembamba, huchosha vidole, na hupasuka likikauka. Mwili wa akriliki uliokerezwa kwa unene wa kidole, ukaachwa na tundu tupu la milimita 7 bila bomba la shaba, hushika kipande kifupi cha tete barabara. Ncha ikichakaa huchomolewa, kipande kingine kikakatwa kando ya mto na kuingizwa mahali pake, na mwili ukaoshwa kwa maji matupu, bila spiriti.